Majani ya Uingereza hayauziki Bombo: nichape nini?

SWALI

Salaam aleikum mwalimu,

Mimi nachapa vitambaa hapa Bombo, Uganda: vitambaa vya meza, foronya za mito ya sebuleni na kadi za sherehe. Nachapa kwa mkono, kwa mihuri ninayochonga mwenyewe na kwa majani. Ufundi naumudu kiasi. Kinachonishinda ni wazo la kuchapa.

Nimelipia mafunzo ya simu ya mwalimu mmoja wa Uingereza, na tangu Septemba kila zoezi ni la majira yao ya majani kupukutika: okota majani mekundu, chora tunda la mwaloni, chora boga, panga vyombo vya zamani vya jikoni dirishani uvichore. Mwaloni sina. Nikachora jani la mepo (maple), mti wa kwao, kutoka kwenye picha, nikalichapa kwenye foronya, zote zimenikalia. Mama mmoja sokoni aliliangalia akaniuliza, "Hili si la bangi?"

Sasa kuna mwenye nyumba ya wageni Entebbe ambaye anataka vitambaa vinane vya kuwekea sahani, vya "rangi za msimu, kahawia na machungwa, lakini viwe vya kwetu". Anavitaka mwanzoni mwa Desemba. Nikitoka kutafuta wazo naona kijani kitupu. Nikirudi jikoni naona sufuria, sigiri na jerikeni. Nitachora nini hapo?

La pili: nikichapa kwa jani halisi linatoka doa tu, mishipa haionekani. Nakosea wapi?

Mchapaji, Bombo

JIBU

Waaleikum salaam dada,

Yule mama wa sokoni amekufundisha bure. Jani la mepo halijulikani hapa, kwa hiyo jicho la mnunuzi hulifananisha na jani la karibu lenye vidole, na likishafika kwenye bangi, foronya haina soko tena. Zigeuze, uzitumie kujaribia rangi.

Tuanze na huo wekundu unaoutafuta. Kule Uingereza miti mingi huacha majani kwa sababu siku zinafupika na baridi inaingia. Jani likijiandaa kuanguka, klorofili inayolipa ukijani huvunjwavunjwa. Manjano iliyokuwemo muda wote ikabaki peke yake, ikaonekana. Na miti mingine hutengeneza rangi nyekundu mpya kutokana na sukari iliyomo kwenye jani. Kwa kuwa dalili ya siku kufupika huifikia miti yote pamoja, msitu mzima hugeuka ndani ya wiki chache. Bombo iko juu kidogo tu ya ikweta. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi ni ya dakika chache, na mti hauna wa kuuambia kwamba Oktoba imefika. Kwetu majani huanguka kwa uzee au kwa ukavu, mti mmoja mmoja, mara nyingi jani moja moja. Ndiyo sababu ukitazama mbali unaona kijani kitupu. Inamisha kichwa.

Mti wa kwanza wa kwenda kuinamia ni mfenesi. Majani yake mazee hugeuka manjano, machungwa, hadi rangi ya kutu, na huanguka mwaka mzima, kwa hiyo huna msimu wa kusubiri. Okota matano tu, si kikapu kizima. Wanaokosa mawazo mara nyingi wanaokota mno, wakifika nyumbani lundo limeshawachosha. Chagua majani yaliyo katika hatua tofauti: moja lenye ukijani uliobaki kandokando ya mishipa, moja lililoiva lote, moja lenye madoa meusi, moja lililotobolewa na wadudu, moja lililokauka likajikunja.

Mti wa pili ni mwembe, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mafunzo yako. Mwembe ukichipua, majani machanga hutoka kwa kishada, yamelegea yakining'inia, yana rangi ya shaba iliyochanganyika na waridi. Baadaye hugeuka kijani hafifu, ndipo yakawa kijani kizito. Wekundu wa Uingereza ni wa jani linaloondoka. Wa mwembe ni wa jani linaloingia. Mteja wako amesema "vya kwetu", na sioni jibu la karibu zaidi ya hili: rangi zilezile anazotamani, lakini kwenye tawi ambalo kila mgeni wa Entebbe atalitambua. Usijaribu tu kuchapa kwa jani changa lenyewe, ni laini na litachanika. Lichore, kisha uchonge muhuri.

Ukipita Entebbe kumwona mteja, angalia kama kuna mkungu, ule mti wa kivuli wenye matawi yanayotoka kwa ngazi, ngazi juu ya ngazi. Jani lake ni pana kwenye ncha na jembamba kwenye kikonyo, na kabla ya kuanguka huwa jekundu hasa. Kifabakazi, ule mti wa maua mekundu, nao usiuache. Achana na maua yake, kila mtu ameshayachora. Ganda lake likipasuka linakuwa mtumbwi, na ndani mna mbegu bapa zenye ubawa mwembamba unaopitisha mwanga. Umbo la mtumbwi ni rahisi kuchonga na linapangika vizuri.

Na boga? Hilo moja katika orodha ya mwalimu wako linapatikana soko lolote, lakini usichore lile la machungwa la kwenye picha. Chora la kwetu, lililobonyea, la kijani chenye mabaka ya krimu. Afadhali hata likatwe: ile nusu yenye mbegu zilizopangana ina kazi nyingi kuliko boga zima.

Sasa zoezi lenyewe. Chukua kipande cha boksi, ukate dirisha la mraba la sentimita 4 kwa 4. Weka dirisha juu ya jani moja la mfenesi. Kwenye daftari chora mraba wa sentimita 12, ndani yake uchore kile tu kinachoonekana dirishani, mara tatu ya ukubwa wake. Usichore jani, chora mistari na madoa. Sogeza dirisha, chora tena, hadi upate miraba sita kutoka jani lilelile. Ya kwanza na ya pili itakuwa ya kawaida, kwa sababu mkono bado unachora "jani" unalolijua. Kuanzia ya tatu au ya nne ndipo utaona mpaka kati ya manjano na kijani unavyokata kona kwenye mshipa, au tundu la mdudu lenye ukingo wa kahawia kulizunguka. Chagua mraba mmoja kati ya sita. Huo ndio muhuri wako. Mitano mingine iache daftarini, utairudia siku ambayo huna kitu.

Vyombo vya jikoni vinakwenda kwa njia hiyohiyo, ila kuna ujanja wa ziada. Sufuria ukiitazama kwa upande utachora sufuria ya kila mtu. Itazame kutoka juu, wima kabisa: duara ndani ya duara, masikio mawili, mikwaruzo ya steelwuli inayozunguka. Jerikeni usiichore yenyewe. Chora tundu lililo kati ya mpini na mwili, na mwanya unaobaki jerikeni zikipangwa foleni bombani. Umbo la nafasi tupu halina jina, kwa hiyo mkono haulidanganyi. Sigiri itazame jioni jua likiwa chini, uchore kivuli chake. Vilevile tafuta alama ya matumizi, mahali pa kubonyea au masizi yaliyopanda upande mmoja. Chombo kipya cha dukani hakina la kukupa. Na hapo Bombo mna tabaga, vile vyombo vya kusukwa vya kina mama wa Kinubi. Usizinakili, kwa sababu mchoro wa kusuka umejengwa kwa vingazi vidogo na ukiuchapa unalegea. Soma mpangilio wa rangi, uone ipi inakaa karibu na ipi na ipi imepewa nafasi ndogo.

Kuna kitu kimoja cha msimu huu ambacho watu hukipaka chokaa kila mwaka bila kukitazama. Mvua za Septemba hadi Novemba zikipiga udongo mwekundu, matone huruka na kugonga ukuta. Chini kabisa ukuta umefunikwa wote, juu kidogo matone yanatengana, na karibu na goti yamebaki machache, kila moja na mkia wake. Huo ni upindo uliokwisha kuchorwa. Kuuchapa, funika sehemu ya juu ya kitambaa kwa gazeti, chovya mswaki mkuukuu kwenye rangi, ukung'ute juu ya gazeti jingine kwanza, kisha uvute nywele zake kwa kidole gumba ukiwa sentimita 15 juu ya kitambaa. Pita mara tatu chini, mara moja juu. Rangi ikiwa nyepesi mno inatoa madimbwi. Ikiwa nzito mno hairuki. Iwe na uzito wa mtindi uliokorogwa.

Novemba pia ni ya senene, na yale mabati yanayosimamishwa kuwatega usiku yana mawimbi unayoweza kuyapata bure. Chukua boksi, loanisha karatasi ya juu kwa kitambaa chenye maji, iachie dakika mbili, ibandue polepole. Chini yake mna matuta. Yakikauka, paka rangi kwa sponji juu ya matuta tu, ukandamize. Unapata mistari sambamba isiyo sawa kabisa, ambayo ndiyo uzuri wake. Muhuri huo hulegea ukishachapa mara chache, kwa hiyo andaa vipande kadhaa.

Kuhusu jani linalotoka doa. Kwa ulivyoeleza, nadhani unapaka upande wa juu, ule unaong'aa. Mishipa imejitokeza upande wa nyuma, na huko ndiko rangi inakopakwa. Kosa la pili ni wingi wa rangi: ikijaa kwenye mabonde kati ya mishipa, kila kitu kinachapika pamoja. Mimina rangi kidogo kwenye sahani bapa, gusa kwa kipande cha sponji ya godoro, kigonge mara mbili tatu kwenye gazeti, ndipo uguse jani kwa kugonga. Usipake kwa kuburuta.

Jani lenyewe lisiwe bichi kabisa wala kavu. Bichi lina unyevu unaozimua rangi, kavu linavunjika. Liweke ndani ya gazeti chini ya vitabu usiku mmoja. Majani yenye nta, kama ya mwembe na mfenesi, hukataa rangi ya maji ikajikusanya matone. Yafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, yakauke, ndipo upake. Mshipa mkuu ukiwa mnene utainua jani, na pembeni mwake patabaki pameupe. Upunguze kwa wembe kwa upande wa nyuma, kidogo kidogo, hadi jani lilale. Kisha liweke kitambaani, funika kwa karatasi safi, pitisha chupa tupu ya soda mara moja kwenda na mara moja kurudi. Ukisugua kwa vidole jani hucheza, na chapa inakuwa na vivuli viwili. Linyanyue kwa kikonyo. Jani moja linakupa chapa kadhaa nzuri kabla halijalainika. Ya pili au ya tatu mara nyingi ndiyo safi kuliko zote. Ukitaka jani lenye vidole ambalo hakuna atakayelikosea, chukua kisamvu. Mbarika nayo ina mishipa mizuri, ila weka mbegu zake mbali na watoto, zina sumu kali.

Vitu vya kuchapa moja kwa moja viko vingi, nitataja nilivyo na imani navyo. Bamia ikikatwa inatoa nyota. Iache nusu saa kwenye gazeti ute upungue. Gunzi kavu la mahindi liviringishe, unapata safu za vitone. Kikonyo kinene cha jani la mgomba kikikatwa kinatoa mwezi mwandamo wenye vyumba vyumba ndani, na huo ni mchoro ambao ungeuchonga siku nzima. Lakini utomvu wa mgomba huacha doa la kahawia lisilotoka kwenye nguo. Kikate, ukisimamishe juu ya gazeti mpaka kiache kuchuruzika, ukifute, ndipo uchape, na baada ya saa chache ukate kipande kipya.

Muhuri wa kudumu uchonge kwenye soli ya sapatu kuukuu. Ioshe kwa sabuni, piga msasa upande laini, chora mchoro ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo. Kata kwa wembe mpya ukiinamisha ili ukuta wa mchoro uwe mpana chini kuliko juu. Ukikata wima, mistari myembamba itapinda ukikandamiza. Kina cha milimita 4 kinatosha. Gundisha kwenye kibao, na nyuma ya kibao chora mshale wa kuonyesha juu ni wapi.

Sasa kazi ya Entebbe. Vitambaa vikamilike sentimita 45 kwa 30. Kata 47 kwa 32 upate upindo. Pamba yenye upana wa sentimita 150 inatoa vitatu kwa upana, na mita moja na robo inatosha vitambaa tisa hata ikinywea. Cha tisa ni cha majaribio. Kabla ya lolote fua pamba kwa maji ya moto na sabuni, wanga wa kiwandani utoke, la sivyo rangi itakaa juu na kuondoka na maji ya kwanza.

Ardhi ya kahawia, yaani rangi ya kitambaa chenyewe kabla ya kuchapa, unaweza kuipata kwa maganda ya vitunguu, ambayo wauzaji sokoni huyatupa. Kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu tumia gramu 100 za maganda, ambazo kwa wepesi wake hujaza kavera (mfuko wa plastiki) kubwa, na gramu 15 za shabu (alum), inayoshikisha rangi. Yeyusha shabu katika maji ya moto, tumbukiza kitambaa kilicholowa, kaa nacho saa moja bila kuchemka, ukiache humo kipoe usiku kucha. Chemsha maganda saa moja, chuja, tia kitambaa, dakika 45 ukigeuza. Kisipogeuzwa kinatoka mabaka. Vitunguu vyetu vyekundu hutoa kahawia inayoelekea kijani au dhahabu iliyofifia, kwa hiyo usitegemee machungwa humo. Machungwa ije na rangi ya kuchapia: manjano sehemu tatu, nyekundu sehemu moja, na tone dogo la bluu kuivunja makali. Nyeusi usiitie, inachafua. Sufuria iwe ya alumini, isirudi kwenye chakula; ya chuma yenye kutu itatia giza. Na rangi ya vitunguu hufifia juani, mwambie mteja asivianike nje mchana.

Usiweke kila kitu kwenye kila kitambaa. Mchoro mmoja wa mwembe, upindo mmoja wa matone ya ukutani, basi. Panga mihuri kwa mtindo wa matofali, safu ya pili ikianzia katikati ya muhuri wa safu ya kwanza. Ukiipanga wima moja chini ya moja, kila kosa dogo la kupinda linaonekana. Katikati, mahali pa sahani, acha patupu, maana hapatazamwi na ndipo panapofuliwa sana. Baada ya kuchapa acha siku nzima ikauke, piga pasi ya moto upande wa nyuma dakika tatu hadi tano bila mvuke, na usifue kabla ya siku tatu.

Anza na kile cha tisa peke yake, ukipeleke Entebbe kabla hujagusa vinane, na ukiweke juu ya meza yenyewe. Ikiwa meza ni ya mbao nyeusi, kahawia itazama. Hapo geuza, ardhi ibaki krimu bila vitunguu na kahawia iwe ya muhuri.